Dada, naweza kuanza tizi?

Kwenye kituo cha daladala ninachoteremkia hapa Mwanza kuna kijana wa mizani. Ameiweka juu ya boksi lililokunjuliwa, na pembeni amesimamisha ubao wa kupimia urefu. Unampa sarafu ya mia mbili, unavua viatu, unapanda, anakusomea kilo zako na kukuandikia kwenye kikaratasi. Mdogo wangu alikuwa na vikaratasi hivyo vimejaa kopo zima la maziwa ya unga. Tulivikuta siku tuliyokuwa tunahama chumba. Alikuwa amevipanga kwa tarehe, na zilikuwepo tarehe zenye vikaratasi vitatu.

Wakati huo tulishajua kwamba anajitapisha, na matibabu yalikuwa yameanza. Miezi kadhaa baadaye, mashavu yameanza kujaa na hedhi imerudi, aliniuliza tukiwa tunamenya viazi: "Dada, naweza kuanza tizi? Nataka kupungua kidogo tu, halafu niwe fiti."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa madaktari, kwenye vitabu na kwa watu waliopita njia hiyo, na nimeamua kuliandika kwa Kiswahili kwa sababu nilipokuwa nalihitaji sikulipata kwa Kiswahili. Nilichokuja kuelewa ni kwamba swali lake lilikuwa maswali mawili yaliyopigwa fundo moja. Kuwa fiti ni jambo moja, kupungua ni jambo jingine. Mtu anayepona maradhi ya ulaji anaweza kuruhusiwa la kwanza mapema kabisa kuliko la pili, na wengi la pili hawalihitaji hata kidogo.

Maradhi yenyewe mtaani hayana jina. Wapo wanaojinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, mwili unapukutika na wao bado wanajiona wanene; madaktari huiita anoreksia. Wapo wanaofakamia chakula kingi kwa muda mfupi, kwa siri, wakihisi mkono hauwasikii tena, kisha wanajitapisha, wanakunywa dawa za kuharisha au wanajiadhibu kwa mazoezi. Hiyo ni bulimia. Na wapo wanaofakamia vivyo hivyo bila kutoa kitu, wakabaki na aibu. Hawa wa mwisho ndio waliochelewa zaidi kutambuliwa, maana mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliwapa nafasi yao wenyewe mwaka 2013 tu. Mtu anaweza kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine. Na kwa macho humtambui: mtu mwenye mwili mkubwa anaweza kuwa amejinyima mpaka moyo unaelekea kuchoka, na mwanamume anaweza kuugua sawasawa na mwanamke.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba haya ni mambo ya Wazungu na ya simu janja. Simu zina mchango wake, lakini jina la anoreksia lilitolewa London na daktari William Gull miaka ya 1870. Kuhusu Wazungu, nitataja Fiji. Visiwani kule mwili mnene ulikuwa sifa, kama ilivyo kwetu, na mgeni aliyekula vizuri aliwapa wenyeji fahari. Televisheni ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi kuuliza mwaka 1998, walikuwa asilimia 11. Miaka mitatu tu.

Huku ziwani wembamba una historia yake nzito, na bila kuijua hutaelewa kwa nini wagonjwa wetu hawaonekani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa jirani zetu Uganda watu waliupa ugonjwa huo jina la "Slim", yaani mwembamba, kwa jinsi ulivyomaliza mwili. Waliokuwa wadogo miaka hiyo ndio mama na shangazi wa leo. Binti akikonda ghafla, kinachowajia kichwani ni hicho, au kifua kikuu. Anapelekwa kupimwa, na ni sawa kabisa apimwe. Majibu yakitoka hana kitu, nyumba nzima inashusha pumzi na maswali yanaisha pale pale. Hakuna anayeuliza: huwa unakula nini, na ukishakula unafanya nini?

Halafu upande wa pili, kizazi chetu kimeanza kupeana hongera za kupungua. Kwa hiyo dada yule yule anaambiwa na bibi "umekwisha, mjukuu wangu", na akifika kazini anaambiwa "umependeza, umetumia nini?" Zote mbili zinampeleka kwenye mizani.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa nini mtu aliyeanza kupona asitafute kupungua "kidogo tu"?

Novemba 1944, vita vikielekea ukingoni, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alikusanya vijana 36 wa kiume waliojitolea. Walichaguliwa kwa uimara wa mwili na wa akili. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Kwa majuma 24 walipunguziwa chakula: viazi, mkate, makaroni, tenipu, huku wakitakiwa waendelee kutembea kila siku. Vijana hawa hawakuwa na shida yoyote na miili yao. Lakini njaa ilipokolea walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukata vipande vidogo vidogo ili mlo udumu, kulamba sahani, kukasirika hovyo, kujitenga, kuhisi baridi. Moyo ulipiga polepole. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Hali hiyo iliwachukua miezi.

Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu nilimwona mdogo wangu. Video za mapishi alizotazama usiku wa manane. Samaki mmoja aliyemchambua saa nzima. Ile njaa isiyoshibika aliyoanza nayo alipoacha kujinyima, ambayo sisi tuliiita ulafi na yeye akaiita dhambi. Mwili ulikuwa unadai deni lake. Sehemu kubwa ya tulichokidhani ni tabia yake ilikuwa ni njaa yenyewe, na njaa hiyo ingempata hata mwanajeshi.

Ndiyo maana mpango wowote wa kupunguza uzito, hata uwe mpole namna gani, unarudisha kiberiti mahali palipokuwa na moto. Ukijinyima, mwili unajibu kwa kukusukuma ufakamie. Ukifakamia, unaona aibu. Aibu inakurudisha kujinyima. Huo ndio mzunguko, na unaanzia kwenye kujinyima, wakati karibu kila mtu anadhani unaanzia kwenye kufakamia. Tiba inayotumika sana kwa bulimia, iliyokuzwa na Christopher Fairburn wa Oxford, inaanza na jambo linaloshangaza kwa urahisi wake: kula kwa saa. Milo mitatu na vitu vidogo viwili au vitatu katikati, usikae zaidi ya saa nne hivi bila kutia kitu mdomoni, usikie njaa usisikie. Kwetu hilo halihitaji tafsiri. Chai ya asubuhi, chai ya saa nne, mlo wa mchana, kitu cha saa kumi, mlo wa usiku. Bibi zetu walikuwa nayo ratiba hiyo, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani juu yake.

Kuhusu chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kila kona sina maneno mengi. Nyingi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Dawa hizo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kinapofika huko utumbo mwembamba umeshachukua karibu kila kilichokuwemo. Kilo inayopungua ni maji. Itarudi utakapokunywa maji, ila chumvi za mwili ulizopoteza hazirudi haraka hivyo. Na hizi sindano mpya zinazokata hamu ya kula, kwa mtu aliyewahi kujinyima, hazifai kuguswa bila daktari anayejua historia yake yote.

Hizo chumvi ndizo zinazotuleta kwenye mazoezi. Kutapika na kuharisha kunaondoa potasiamu, na moyo unaihitaji potasiamu ili upige kwa mpangilio. Potasiamu ikishuka, mtu anaweza kuonekana mzima kabisa, akaanza kukimbia, na moyo ukakosea mapigo. Aliyejinyima sana naye moyo wake hupiga polepole, na mara nyingi nimesikia watu wakijisifia, "mapigo yangu ni kama ya mwanariadha." Moyo wa mwanariadha unapiga polepole kwa sababu umepata nguvu. Wa mwenye njaa unapiga polepole kwa sababu unabana matumizi. Mifupa pia: hedhi ikikatika kwa ajili ya njaa, homoni inayolinda mifupa imeshuka, na mfupa unaweza kupata ufa kwa kukimbia tu barabarani. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kuhusu wanamichezo wanaokula pungufu ya wanachotumia, wake kwa waume, kwa sababu madhara yalionekana mwili mzima: mifupa, homoni, kinga, moyo, hata akili.

Kwa hiyo kabla ya viatu vya mazoezi ni damu ipimwe chumvi, moyo upimwe umeme wake, na presha ipimwe umelala kisha umesimama. Ukiona giza unapoinuka, ukizimia, moyo ukirukaruka, kifua kikiuma, au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu ambaye hajala vya kutosha kwa muda mrefu asianze kula kwa kishindo peke yake nyumbani. Chakula kingi cha ghafla kinaweza kushusha fosfeti, nayo ni moja ya chumvi za mwili, kwenye damu kwa kiasi cha kuua, ndiyo maana waliodhoofika sana hurudishiwa chakula chini ya uangalizi.

Hapa ndipo fundo linapokaza, na nimekaa napo zaidi kuliko penginepo. Vipi kuhusu mtu ambaye kweli ana mwili mkubwa, ana presha au sukari, na daktari amemwambia apungue?

Namfahamu mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni. Kliniki aliambiwa apunguze kilo. Akatii kwa namna anayoijua: asubuhi chai kavu, mchana hakuna kitu, anashinda juani anageuza dagaa na kubeba magunia. Saa tatu usiku, watoto wakishalala, anafunua sufuria ya ugali uliobaki na kula kwa mkono akiwa amesimama gizani, mpaka tumbo linauma. Kisha anashika madumu ya maji, ili akionekana ionekane ndiyo yaliyomwinua. Kesho yake anaapa kutokula. Aliniambia hayo kwa kunong'ona, na akamaliza kwa kusema, "Mimi sina nidhamu, mwanangu."

Mtu anayeshinda juani bila kula mpaka usiku ana nidhamu ya kutisha. Shida ni kwamba ushauri aliopewa, ingawa ulikuwa wa nia njema, ulikuwa petroli kwa ugonjwa ambao hakuna aliyemuuliza kama anao. Kwa mtu kama yeye mpangilio unabadilika: kwanza kufakamia kukome, kwa kula kwa saa na kwa msaada wa mtaalamu wa afya ya akili. Kufakamia kukikoma, uzito kwa kawaida hutulia. Mara nyingi haushuki sana, na hilo lisemwe wazi ili mtu asije akadhani ameshindwa. Lakini uzito uliotulia ni ushindi kwa aliyekuwa anapanda kila mwaka. Kisha yale ambayo daktari aliyataka kupitia kilo yanaweza kupatikana bila kuzisubiri: kutembea mara kwa mara kunashusha presha na kunausaidia mwili kutumia sukari vizuri hata mizani isiposogea gramu moja. Dawa zake azimeze kama alivyoandikiwa. Suala la kupungua, kama bado lipo, lizungumzwe baadaye, na daktari na mtaalamu wa akili wakiwa wanasikilizana.

Kwa aliyekuwa anajinyima, kama mdogo wangu, jibu ni fupi zaidi. Akisema anataka kupungua, jiulize anayesema ni nani. Mara nyingi ni ugonjwa umejifunika kanga ya afya.

Mazoezi yakisharuhusiwa yanaanzia chini: kujinyoosha, kutembea polepole, baadaye kujenga misuli taratibu na mtu anayekuangalia. Zile dakika 150 kwa wiki zinazotajwa na Shirika la Afya Duniani ni kwa mtu mzima ambaye mwili wake haujakopwa, kwa hiyo anayepona asijipime nazo. Ale kabla na ale baada, na siku za kupumzika ziwekwe kwenye ratiba kama dozi. Kikundi ni bora kuliko upweke, ingawa si kila kikundi. Tulipojaribu jimu moja mjini, mkufunzi alimpandisha mdogo wangu kwenye mizani kabla hata ya kumuuliza jina, akamwandikia orodha ya vyakula vya kuacha. Ugali ulikuwa wa kwanza. Majuma mawili baadaye alikuwa ameanza tena kujitapisha. Sisemi mkufunzi alikuwa mbaya, alimfanyia anachomfanyia kila mtu. Ila tangu hapo ninamshauri mtu aseme mapema: sipimwi uzito, sipewi daieti, nimekuja kutafuta nguvu. Anayekukatalia hilo, ondoka.

Kuna maswali mawili niliyofundishwa, na nayaona ya thamani kuliko mizani. Kama zoezi hili lisingechoma mafuta hata chembe, ungelifanya? Na ukikosa siku moja kwa mvua au msiba, unaweza kula na kulala kwa amani? Jibu likiwa hapana, mazoezi yameshakuwa njia nyingine ya kujitapisha, na yafaa yasimame kwa muda.

Kuhusu kufunga nitasema kidogo kwa sababu wengi wanaficha ugonjwa humo, na kwa nyumba ya dini ni vigumu kumgusa mtu aliyefunga. Kurani, sura ya pili, inamruhusu mgonjwa asifunge. Kanisa Katoliki nalo halimlazimishi mgonjwa. Maradhi haya ni ugonjwa kamili, na sheikh au padri akielezwa vizuri mara nyingi ndiye atakayemwambia mtu, kwa mamlaka ambayo dada hana, ale.

Kwa kuwa jina hatuna, wengi hufika mbele ya daktari wakasema "tumbo linasumbua" na kurudi na dawa za vidonda vya tumbo. Sema mambo kama yalivyo: "Najitapisha kwa makusudi, mara kadhaa kwa wiki." "Nakula usiku kwa siri, siwezi kujizuia." "Naogopa kunenepa kiasi kwamba siku nyingine sili." "Hedhi imekatika." Taja na dawa za kuharisha kama unatumia, na miezi mingapi. Kisha omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya Bugando, pale mlimani hapa Mwanza, ipo idara yake. Kama hospitali ziko mbali, anza na nesi wa zahanati kwa sentensi hizo hizo.

Nasi tunaokaa nao tuna kazi yetu. Tuache kutaja mwili wake, hata kwa sifa. "Umenawiri" ni neno la upendo kinywani mwa shangazi, na masikioni mwake linafika kama "umenenepa". Mwulize kalalaje, kafikia wapi na masomo, mcheke pamoja. Kaa naye sahani ikiwa mezani na ukae naye nusu saa baada ya sahani kuondoka, maana huo ndio wakati mgumu. Sinia moja la pamoja huwasaidia baadhi yao. Wengine sinia linawapa mahali pa kujificha kwa sababu hakuna anayeona nani kala nini. Kwetu tulirudi kwenye sahani za mtu mmoja mmoja kwa karibu mwaka mzima, na mama alilia kidogo siku ya kwanza, kwa kuwa kwake sahani ya peke yako ni ya mgeni au ya mgonjwa. Nilimwambia, basi ni ya mgonjwa, mama.

Jibu la swali lile, mdogo wangu alilipata kwa vipande. Mwezi wa kwanza daktari alimruhusu kunyoosha viungo tu, sakafuni, nami nikinyoosha naye. Baadaye kutembea tambarare. Sasa Jumapili asubuhi anatoka na rafiki yake kupanda kilima cha Isamilo, wanapumzika kwenye miamba wanakoliona ziwa, wanashuka. Hana saa ya kuhesabu hatua. Kilo zake anazijua nesi peke yake, anapimwa akiwa amegeuka mgongo.

Jumapili iliyopita aliingia na jasho, vumbi mpaka magotini. Mezani kulikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga nilizomwachia. Alikula amesimama mlangoni, akinisimulia habari za mbwa aliyewafuata njia nzima, na bakuli lilikuwa tupu kabla hajavua viatu.